Tatizo Lina Saa Zake: Kutafuta Chanzo cha Kero za Nyumbani Kabla ya Kumwita Fundi

Fundi anayejua kazi akifika nyumbani hakimbilii begi lake. Kwanza huuliza: inatokea wakati gani? Koki inayodondosha usiku tu, mlango unaokwama miezi ya mvua tu, yuniti zinazopungua tarehe 20 lakini si tarehe 2, maharagwe yanayokataa kuiva mwezi wa tano: kila kero imeshakutajia nusu ya jibu. Mwongozo huu unafuata swali hilo katika nyumba ya kawaida ya Uganda, iwe muzigo (chumba cha kupanga kwenye nyumba ya safu) wa chumba kimoja Kampala au nyumba ya vyumba vitatu Mbarara, penye Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla), jerikeni chini ya meza na sigiri (jiko la makaa) barazani.

Vifaa ni vichache: bisibisi bapa na ya nyota, spana ya kurekebisha, koleo, tredi tepu (utepe wa kuzibia viungo vya bomba), washa (mpira wa ndani ya koki) tatu nne za nusu inchi, penseli, chaki na kipande cha mshumaa. Vyote vinaenea kwenye kopo la rangi.

Pesa ile ile, yuniti pungufu

Wengi hapa humlaumu mwenye kibanda cha mobile money wanakonunulia yuniti. Tazama kalenda kwanza. Bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi, na ngazi huanza upya kila mwezi. Yuniti 15 za kwanza ni za bei nafuu. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 bei inaruka juu sana. Kati ya 81 na 150 inashuka tena, ngazi iliyowekwa ili watu wavutike kupikia umeme, na kupita 150 inapanda. Juu ya hayo kuna VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo elfu kumi ya tarehe 2 na elfu kumi ya tarehe 20 hazinunui kitu kimoja, na hakuna aliyekuibia. Kununua nyingi kwa mkupuo mmoja hakukwepeshi ngazi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni yuniti ulizonunua mwezi huo, si mara ulizonunua.

Ugomvi wa kweli uko kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja kwa vyumba vinne. Zile 15 nafuu ni za mita, si za kila chumba. Mkinunua kwa zamu, wa kwanza wa mwezi anakula nafuu yote, na wa tatu anadhani anaonewa. Kwa kiasi fulani anaonewa kweli. Dawa ni kuandika manunuzi yote ya mwezi kwenye karatasi moja, kujumlisha shilingi zote, kisha kugawana kwa matumizi. Mwenye balbu mbili na redio hapaswi kulipa sawa na mwenye koili (jiko la umeme).

Tokeni imekataliwa

Hesabu tarakimu za tokeni, ile namba unayotumiwa ukinunua yuniti: lazima ziwe 20. Kosa la kawaida ni kuruka moja kati ya mbili zinazofanana, kama 77 au 00. Isome kwa makundi ya nne nne, mmoja asome na mwingine abonyeze. Mita ikionyesha kwamba tokeni imeshatumika, angalia salio; huenda mtoto au mpangaji mwenzako ameiingiza tayari. Hakikisha pia namba ya mita kwenye ujumbe ndiyo iliyo kwenye mita yako. Ukikosea mara nyingi mfululizo, mita nyingi hujifunga kwa muda. Ngoja, usiendelee kuitwanga.

Kuna sababu nyingine inayowapata waliohamia nyumba iliyokaa tupu. Mita zote za malipo ya kabla za mfumo huu wa tokeni za tarakimu 20 duniani zilitakiwa kubadilishiwa msimbo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa kuingiza tokeni mbili za pekee, kila moja yenye tarakimu 20, kabla ya tokeni ya umeme. Mita iliyokosa hatua hiyo hukataa tokeni zote hata ukibonyeza kwa usahihi namna gani. Hilo linatatuliwa na UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni iliyoitwa Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Wapelekee namba ya mita na ueleze kwamba haikupokea tokeni hizo mbili.

Kipedi, kile kifaa cha kubonyezea tokeni, kikiwa kimya kabisa, hasa baada ya yuniti kuisha, fungua mgongo wake. Aina nyingi hupata nguvu kutoka kwenye waya za nyumba umeme ukiwapo. Ukikosekana, hutegemea betri zilizomo. Betri zilizokaa humo miaka miwili huwa zimevuja unga mweupe. Kwangua unga kwa karatasi ya msasa, tia mpya, ingiza tokeni, kisha zitoe tena ukazitunze kando.

Yuniti zinayeyuka

Zima kila kitu, chomoa kila plagi, uende kwenye mita ukiangalia kitaa kidogo chekundu. Usoni mwa mita mara nyingi pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa kikimeta mara 1,000 yuniti moja imekwenda. Kumeta mara moja kwa dakika ni wati 60. Ukiwa umezima vyote na bado kinameta, umeme unakwenda mahali: waya wenye kovu ndani ya ukuta, friji uliyoisahau, au chumba cha jirani kilichounganishwa bila wewe kuambiwa. Zima breka moja moja hadi kitaa kinyamaze. Breka hiyo ndiyo njia ya mwizi.

Kisipometa, mita ni salama na mla yuniti yumo ndani. Washa kifaa kimoja kimoja uhesabu kumeta kwa dakika. Pakoleta (birika la umeme) ya wati 2,000 itakupa kama 33, na watu huiogopa bure: kuchemsha lita moja na nusu kunachukua dakika kama 5 na karibu moja ya sita ya yuniti. Mla yuniti mkubwa ni koili. Ya wati 1,500 ikipika maharagwe kwa saa tatu imemaliza yuniti 4 na nusu. Wa pili ni friji yenye mpira wa mlango uliolegea. Bana noti ya shilingi 1,000 mlangoni, nusu ndani nusu nje, uivute. Ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka hapo hapo.

Taa hafifu, soketi ya moto

Taa zikififia kati ya saa moja na saa nne usiku na kurudi vizuri usiku wa manane, mzigo ni wa mtaa mzima. Uliza ng'ambo ya ua: "Nyabo, kwenu taa zikoje?" Wakisema nao wanalia, tatizo liko kwenye laini, na ni la kuripoti. Wakisema zao ni safi, liko kwako.

Taa zikifanya kinyume, yaani ziking'aa kupita kawaida na feni ikivuma kwa nguvu mpya, usifurahi. Nyaya tatu za mtaa zinarudi kwa waya mmoja wa kati, na huo ukikatika volti 240 zako zaweza kupanda kuelekea 400. Zima swichi kubwa wakati huo huo, chomoa friji na televisheni, piga simu. Kungoja uone zaidi kunaunguza vyombo.

Soketi yenye joto baada ya kupiga pasi ina skrubu iliyolegea ndani, au plagi yenye miguu iliyochoka. Zima swichi kubwa, fungua, kaza skrubu zote tatu. Plastiki ikishakuwa ya kahawia, badilisha kifaa kizima. Usipigie pasi kwenye ekstensheni nyembamba ya simu: pasi ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampea 8, na waya ule haukuumbwa kwa hilo.

Koki inadondosha usiku, mchana imenyamaza

Usiku watumiaji ni wachache, presha kwenye bomba inapanda, na washa iliyochoka inashindwa. Mchana presha ikishuka inaweza kuziba bado. Kwa hiyo usikaze kwa nguvu zaidi. Kukaza ndiko kulikoikata washa. Ukitaka kujua hasara, tega kikombe kwa saa moja. Robo lita kwa saa ni lita 6 kwa siku, yaani jerikeni tisa kwa mwezi.

Funga koki kuu karibu na mita ya maji. Fungua koki mbovu hadi maji yaishe, ndipo uweke kitambaa kwenye shimo la sinki, la sivyo skrubu ya kwanza kuanguka itaondoka na maji. Fungua kifuniko cha mpini, shika kichwa cha koki kwa spana na ukizungushe kinyume cha saa. Chini kabisa utaona kipande cheusi cha mpira, na katikati yake mfereji wa duara uliochimbwa na kiti cha shaba. Huo mfereji ndio ulikuwa unakuamsha. Ondoa, tia washa mpya ya ukubwa ule ule, upande laini ukitazama chini.

Kabla ya kurudisha, ingiza kidole upapase kiti cha shaba. Kikiwa laini kama mdomo wa glasi, vizuri. Kikiwa na pengo au makali, washa mpya itakatwa ndani ya wiki chache, na utasema madukani wanauza washa feki. Kiti kinaweza kusagwa na fundi, au unanunua koki nyingine. Koki za kisasa zinazofunguka kwa robo mzunguko hazina washa hata kidogo. Ndani mna visahani viwili vya kauri, na mchanga ukivikwaruza unabadilisha kifaa chote cha ndani.

Ukifunga koki mpya bombani, tredi tepu huzungushwa kufuata mshale wa saa ukitazama ncha ya bomba, mizunguko minane hadi kumi, ikivutwa imbane. Ikizungushwa kinyume, hujifumua wakati unakaza, na hapo ndipo maji huvuja kwenye kiungo kipya kuliko kile cha zamani.

Maji yamerudi, lakini ni ya kahawia na koki inakohoa

Hewa iliingia bombani maji yalipokatika, na yaliporudi kwa kasi yaling'oa kutu na udongo. Fungua nusu koki ya nje iliyo chini kuliko zote, uiache hadi ikome kukohoa na maji yawe meupe. Ndoo za mwanzo ni za kudekia. Kosa kubwa ni kuacha tangi lijaze kwanza: tope lote linatulia humo na utalinywa polepole kwa miezi. Na maji yakikatika saa tatu usiku, zunguka ukifunga kila koki. Yanarudi saa tisa alfajiri bila kubisha hodi.

Mita ya maji inazunguka na hakuna anayetumia

Nenda chooni kwanza. Tia kijiko cha majani ya chai yaliyokolea kwenye tangi la choo, usivute kwa nusu saa. Bakuli likipata rangi, mpira wa chini hauzibi. Mara nyingi una utando wa chokaa na utelezi, na kuufuta kunatosha. Bakuli likiwa safi lakini unasikia mluzi, inua mfuniko uangalie boya. Maji yanatakiwa kusimama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Yakifika mdomoni, punguza boya kwa skrubu yake, au kama lina mkono wa shaba, upinde kidogo kuelekea chini. Choo kikiwa na afya na mita bado inazunguka, tafuta pale ambapo nyasi za uani ni za kijani kiangazi.

Jerikeni ina utelezi wa kijani

Jerikeni ya njano hupitisha mwanga, na penye mwanga na maji yaliyotuama pana mwani. Sabuni peke yake haifiki kwenye kona za mpini. Tia konzi mbili za mchanga mkavu wa chengachenga, vikombe viwili vya maji, sabuni kidogo, kisha uitikise kwa dakika mbili, ukiipindua ili mchanga upite ndani ya mpini. Suuza hadi mchanga wote utoke, ikaushe kichwa chini. Mfuniko una ufito wa mpira. Uchomoe, maana uchafu wa kunuka hukaa nyuma yake. Baada ya hapo iweke kivulini. Maji ya kunywa ambayo hukuyachemsha yatie dawa: kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji meupe, na unangoja nusu saa. Maji yenye ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Jerikeni iliyowahi kubeba mafuta ya taa haisafishiki. Plastiki imeyanywa, na itayatema kwenye maji siku zote.

Sigiri: moshi, milipuko, moto unaofifia

Moshi wa dakika kumi za mwanzo ni wa kawaida. Moshi unaoendelea robo saa baadaye unatoka kwenye vijinga, vipande vya mti visivyokuwa makaa kamili. Vitambue kabla ya kuwasha: ni vizito, vina rangi ya kahawia, na ukivigonga vinasema "dup". Kaa lililoiva vizuri la mti mgumu linalia kama kigae. Vitoe kwa koleo uvitumie kesho kuwashia.

Makaa yakirusha cheche na kupasuka, yana maji au maganda ya mti. Msimu wa mvua gunia linalokaa barazani hunyonya unyevu kwa chini, kwa hiyo gunia likae juu ya matofali mawili, na makaa ya kesho yatandazwe juani leo. Usiwashe kwa kaveera (mfuko wa plastiki). Linashika haraka, ndiyo, lakini moshi wake una sumu na harufu yake inaingia kwenye chai. Karatasi ya yai au ganda kavu la mgomba vinatosha.

Moto ulioshika vizuri kisha ukafa ulipoweka sufuria umenyimwa njia ya juu. Sufuria ikae kwenye vichwa vitatu, ikiacha upenyo wa sentimita moja au mbili juu ya makaa; ukijaza makaa hadi yaguse kitako, hewa haina pa kutokea. Moto uliofifia baada ya saa moja umenyimwa njia ya chini: majivu yameziba matundu. Chokoa kwa waya kutoka chini, usitikise sigiri nzima, maana unavunja udongo wa ndani.

Makaa yakiisha upesi, angalia mlango kwanza. Mlango unaachwa wazi hadi makaa ya juu yote yawe mekundu, dakika 15 hadi 20, kisha unafungwa hadi upana wa kidole kimoja. Wapishi wengi huuacha wazi hadi mwisho na kulalamika bei ya gunia, ambayo nayo ni kweli imepanda tangu biashara ya makaa kutoka kaskazini ipigwe marufuku kwa amri ya rais Mei 2023. Sababu nyingine ni ufa kwenye udongo wa ndani. Ufa mdogo kuliko kidole unazibika: udongo wa kichuguu uliopondwa laini, majivu kidogo, maji ya kutosha kufanya uji mzito. Lowesha ufa, shindilia, kausha kivulini siku tatu kabla ya kuwasha. Ukiwasha siku hiyo hiyo, mvuke unaurusha nje.

Mvua ikinyesha usiingize sigiri ndani ya chumba cha kulala, hata kama makaa hayana moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Kichwa kikianza kuuma na mwili kulegea ukiwa na sigiri chumbani, toka nje na uwatoe wote, ndipo ufikirie chakula.

Maharagwe hayaivi

Hapa hasara ni kubwa, kwa sababu unachoma makaa ya siku mbili kwa sufuria moja. Chukua konzi uiloweke usiku kucha. Asubuhi utapata moja kati ya majibu mawili.

Punje nyingine zimebaki ndogo, ngumu kama kokoto, wakati wenzake wamevimba karibu mara mbili. Hizo zina ganda lisilopitisha maji, kwa kawaida kwa kukaushwa kupita kiasi. Zitoe kwa mkono, zichemshe dakika mbili, zima, ziloweke tena saa nne kwenye maji yale ya moto. Nyingi zitafunguka.

Au zote zimevimba vizuri lakini zikichemshwa zinabaki na chenga. Hayo ni maharagwe ya zamani yaliyokaa kwenye joto na unyevunyevu, na kuta za ndani za punje zimeshikamana. Angalia mwezi. Mavuno Uganda, sehemu zenye misimu miwili, yanaingia sokoni Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Maharagwe unayonunua Mei au Novemba yana miezi mingi stoo. Tia robo ya kijiko cha chai cha magadi kwa kilo moja kwenye maji ya kulowekea, uyamwage asubuhi, upike kwa maji mapya. Ukizidisha, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni na rangi ya tope.

Chumvi inasingiziwa sana. Mhalifu ni nyanya. Tindikali huimarisha kile kinachoshika punje pamoja, na ukitia nyanya mapema utapika hadi jioni. Ngoja hadi punje isagike kati ya ulimi na kaakaa, ndipo nyanya na ndimu ziingie. Ukiongeza maji, yawe ya moto, kwa sababu kila kikombe cha baridi kinazima mchemko na unalipia kuuamsha.

Na kuna mahali ulipo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 93. Aliyehama Kampala kwenda Kabale na kuona maharagwe yale yale yanachukua saa zaidi hajadanganywa na muuzaji. Huko sufuria ya presha inajilipa kwa makaa.

Njia ya kubana moto: maharagwe yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 30 hadi 40, kisha sufuria yenye mfuniko uiweke kwenye kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, uifunike pande zote kwa saa tatu au nne. Mchemko ule wa mwanzo usiruke. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayovunjwa kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10. Joto dogo la kikapu peke yake haliiondoi, na tumbo litakwambia.

Matoke magumu, matoke ya maji

Matoke yaliyo na kiini kigumu yalikatwa kabla ya kukomaa. Tazama kidole cha ndizi: chenye pembe kali bado, kilichoviringa kimejaa. Matoke ya maji yameguswa na maji ya chini. Weka vipande vya mashina ya majani ya mgomba ndani, kitakoni mwa sufuria, hadi fungu la matoke lililofungwa kwa majani liinuke juu ya maji, na maji yasipite hapo. Yaliyokuwa laini saa saba na kuwa gundi saa tisa yamepoa tu. Wanga hukaza ukipoa, kwa hiyo baada ya kuyaponda ndani ya majani yarudishe kwenye mvuke hadi sahani ziwe mezani. Utomvu mikononi: paka mafuta ya kupikia kabla ya kumenya, si baada.

Chapati ngumu kesho yake ilinyimwa maji jana. Kilo moja ya unga inahitaji karibu mililita 600 za maji ya uvuguvugu, na donge lipumzike nusu saa limefunikwa. Kikaango kisichopata moto kinaikausha kabla haijaiva.

Mlango unakwama, kufuli linakataa

Mlango unaokwama Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kisha ukajiponya, umevimba kwa unyevu. Mwenye randa ya haraka hukwangua Aprili, na Januari unapitisha mkono kwenye pengo. Paka chaki ukingo mzima, fungua na ufunge mara tatu. Pale chaki ilipofutika ndipo panaposugua. Sugua hapo kwa mshumaa kwanza. Ukilazimika kukwangua, ngoja kiangazi, toa milimita moja au mbili, kisha upake rangi ukingo huo, hasa wa juu na wa chini ambako seremala hakupaka. Unyevu unaingilia hapo.

Mlango unaokwama mwaka mzima kona ya chini, upande wa kitasa, umelegea bawaba ya juu. Ukishika kitasa ukainua na mlango ukapanda, ni hiyo. Skrubu inazunguka bila kukaza? Ichomoe, tia njiti tatu za kiberiti zenye gundi ya mbao kwenye tundu, zivunje zikilingana na ubao, ngoja zikauke, rudisha skrubu ile ile.

Kufuli la nje hushikwa na vumbi la kiangazi. Usitie mafuta ya kupikia: kwa wiki moja linateleza, kisha mafuta yanashika vumbi na kuwa lami. Chora ufunguo kwa penseli laini pande zote mbili hadi ung'ae kijivu, uingize na kuutoa mara kumi, ufute, uchore tena. Mara ya tatu au ya nne utausikia ukigeuka kwa mlio mfupi mkavu, bila kuusukuma.